Kuku Mgonjwa, Sungura Wengi: Wajibu Wako Unapofuga Nyumbani

   

Leo tutazungumza juu ya mifugo midogo tunayofuga nyumbani: kuku, sungura, bata na kware. Pengine utauliza, je, habari za kuku zinaingiaje katika kipindi cha afya? Zinaingia sana. Yai analokula mtoto wako asubuhi, nyama inayopikwa sikukuu, kinyesi kinachokanyagwa mlangoni, na dawa inayotiwa katika maji ya kuku, yote hayo yanafika mwilini mwa binadamu.

Lakini leo hatutaongea juu ya magonjwa peke yake. Tutaongea juu ya mambo yanayomtatiza mfugaji moyoni, yaani pale ambapo faida inamvuta huku na dhamiri inamvuta kule. Kuku anaumwa, karo inadaiwa: je, umuuze? Kuku wako wanakunywa dawa, na mayai yanaendelea kutagwa: je, uyapeleke sokoni? Sungura wamezaana na hakuna mnunuzi: je, utafanya nini?

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike tangu mwanzo. Unapofuga nyumbani, kuna watatu walio mikononi mwako: mnyama mwenyewe, mtu atakayekula, na jirani anayefuga kama wewe. Wote watatu hawana njia ya kujua unachokijua wewe. Kwa hiyo hasara inapokuja, isiwe ni kuwahamishia wao bila wao kujua.

KUKU ANAUMWA NA KARO INADAIWA

Tuanze na jambo linalowapata wengi. Tuseme una kuku 15 wa kienyeji. Alhamisi asubuhi unaona watatu wamesinyaa, mabawa yameshuka, wanahara kinyesi cha kijani, na mmoja anapinda shingo. Ijumaa wawili wamekufa. Jumatatu mtoto anatakiwa shuleni na pesa.

Mfugaji mwenye uzoefu atashuku Newcastle, ugonjwa ambao wengine huuita kideri au mdondo. Huu ni ugonjwa wa virusi, na hauna tiba. Katika kundi ambalo halikuchanjwa, unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Hapo ndipo wazo linakuja: "Hawa 12 waliobaki bado wanasimama. Kesho ni siku ya soko. Nikiwauza mapema nitaokoa kitu."

Hebu tuliangalie wazo hilo polepole, kwa sababu anayelifikiria si mtu mbaya. Ni mzazi aliyebanwa.

Kwanza, kuku ambao bado wanasimama huenda tayari wameambukizwa. Virusi vya Newcastle huweza kukaa mwilini mwa kuku siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana, kwa kawaida siku tano au sita, na wakati mwingine hadi wiki mbili. Mama anayemnunua kuku wako Jumamosi atamfikisha kwake, atamchanganya na wake, na wiki ifuatayo banda lake litakuwa tupu. Yeye naye alikuwa na karo ya kulipa. Ulichofanya si kuokoa kitu. Umechukua pesa zake ukamwachia msiba wako.

Pili, wewe umeshuku Newcastle, lakini si lazima uwe umepatia. Dalili za magonjwa ya kuku hufanana. Newcastle yenyewe haimdhuru sana binadamu. Mara nyingi husababisha macho kuwasha na kuwa mekundu kwa mtu aliyewashika kuku wagonjwa. Homa ya ndege ni jambo jingine. Mwaka 2006 homa ya ndege ya aina ya H5N1, ambayo imeua watu katika nchi kadhaa, ilithibitishwa kwa majirani zetu wa Sudan. Mwaka 2017 homa ya ndege ya aina nyingine ilithibitishwa Uganda, na serikali ya Kenya ikazuia kwa muda kuku kutoka huko. Mtu aliyesimama uani kwake hawezi kuitofautisha homa ya ndege na kideri kwa macho. Kuku wengi wakifa kwa ghafla, ni daktari wa mifugo wa kusema ni nini, si mimi wala wewe.

Tatu, kuna sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254 ya Sheria za Kenya, inakataza kuuza chakula kisichofaa kuliwa na binadamu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mfugaji atoe habari kwa wakuu wanaohusika anaposhuku baadhi ya magonjwa ya kuambukiza.

"SISI TUTAWALA WENYEWE"

Wengine husema, "Basi sitauza. Tutawachinja tule hapa nyumbani. Moto unaua kila kiini."

Ni kweli kwamba moto mkali unaua viini vingi. Nyama iliyoiva vizuri mpaka ndani, isiyo na wekundu wala majimaji ya damu, haitakuletea virusi vya kideri. Lakini hatari kubwa haiko katika sufuria. Iko katika kazi inayofanyika kabla ya sufuria: kumshika kuku mgonjwa, kumchinja, kumnyonyoa, kumpasua tumbo, kukatia mboga kwa kisu kile kile, na watoto kuchezea manyoya. Homa ya ndege humpata mtu zaidi kwa njia hiyo. Viini vingine kama salmonela, vinavyoleta kuhara na homa, husambaa jikoni kwa njia hiyo hiyo.

Tena fikiria manyoya, matumbo na maji ya kunyonyolea yanatupwa wapi. Yakitupwa nyuma ya nyumba, mbwa atayabeba, kuku wa jirani atayachokora, na ugonjwa umevuka ua.

Na yule aliyekutwa amekufa asubuhi? Huyo haliwi kabisa. Hujui alikufa saa ngapi wala kwa nini.

SASA UFANYE NINI?

Mpenzi msikilizaji, haifai kumwambia mtu "usiuze, usile" kisha kumwacha hapo. Haya ndiyo mambo ya kufanya.

Watenge wagonjwa mara moja. Usitoe kuku nyumbani kwako na usiingize mwingine. Ziba mdomo na pua kwa kitambaa unapowashika, na baadaye nawa mikono kwa sabuni. Waambie majirani siku hiyo hiyo, usione haya. Jirani anayeambiwa mapema anaweza kuwafungia wake ndani wakapona. Piga simu kwa afisa wa mifugo wa wadi au daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na umweleze wamekufa wangapi na kwa siku ngapi.

Waliokufa wachome moto au wazike katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, ukitia majivu au chokaa juu yao kabla ya kufukia. Usiwatupe mtoni wala kando ya barabara. Banda lifagiliwe, lioshwe, na likae tupu wiki kadhaa kabla ya kuingiza kuku wapya.

Na yule ambaye anateseka na hatapona, usimwache akaanguka siku tatu juani huku mkisema "atakufa tu". Kummaliza haraka ni huruma. Mwombe mtu anayejua avunje shingo yake kwa mvuto mmoja, mbali na watoto, kisha azikwe na wenzake.

Utasema, "Na karo?" Ni swali la haki. Ukweli ni kwamba jibu la swali hilo halipatikani Ijumaa ile. Linapatikana miezi mitatu kabla yake, katika chanjo.

CHANJO NI DENI LA JIRANI

Chanjo ya Newcastle ipo, na hutengenezwa hapa hapa Kenya na shirika la serikali la KEVEVAPI. Ni ya kutia tone moja katika jicho la kila kuku. Kuku wa kienyeji wanapaswa kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, maana nguvu ya chanjo hupungua. Kuku achanjwe akiwa mzima. Kumchanja aliyekwisha ugua hakumsaidii.

Tatizo ni kwamba chanjo huuzwa kwa chupa za dozi nyingi, kama vile 100, na wewe una kuku 15. Ikishachanganywa inafaa kutumika muda wa saa chache tu, na iliyobaki hutupwa. Hapo wengi hukata tamaa. Lakini hesabu yenyewe inakuonyesha njia. Nyumba saba zenye kuku 14 kila moja zinaweza kuchangia chupa moja. Chagueni siku, na mmoja aende kuileta ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kwa sababu joto huiharibu. Mchanje kijiji kizima asubuhi moja. Hata chama cha akina mama kinaweza kuifanya kazi hii.

Ndiyo maana ninasema chanjo ni deni la jirani. Kuku wako hawaheshimu mipaka ya shamba. Ukiacha kuchanja, umeamua kwa niaba ya watu ambao hukuwauliza.

MAYAI YA KUKU WANAOKUNYWA DAWA

Sasa tugeukie jambo ambalo haliteti, halinuki, wala halionekani: masalio ya dawa katika mayai na nyama.

Kuku wa gredi wanapokohoa au kuhara, wafugaji wengi huenda dukani na kununua pakiti ya dawa ya kutia katika maji. Mara nyingi ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria. Wengine huitumia hata kuku wakiwa wazima, "ili wasiugue" au wakiamini itaongeza mayai. Dawa ikiingia mwilini mwa kuku haitoki siku ile ile. Sehemu yake inapita katika yai na nyama.

Kwa sababu hiyo, dawa nyingi huandikwa kwenye pakiti idadi ya siku za kungoja. Ni siku ambazo, baada ya dozi ya mwisho, mayai hayapaswi kuliwa wala kuku kuchinjwa. Siku hizo hutofautiana kutoka dawa moja hadi nyingine, na dawa nyingine hazifai kabisa kwa kuku wanaotaga. Kama huwezi kuyasoma maandishi hayo, mwulize muuzaji akusomee kabla hujatoa pesa. Akishindwa kukuambia, nenda duka jingine.

Hapa ndipo mfugaji hutatizika. Hebu tupige hesabu. Tuseme una kuku 200, na unaokota mayai 150 kwa siku, yaani trei tano. Ukiambiwa ungoje siku saba, hizo ni trei 35. Tuseme trei ni shilingi 400. Unaombwa uache shilingi 14,000, na huku chakula cha kuku lazima kinunuliwe. Na mnunuzi hawezi kujua. Yai lenye dawa lina rangi ile ile na ladha ile ile.

Basi, ubaya wake uko wapi? Kwanza, wako watu wanaodhurika na dawa fulani hata kwa kiasi kidogo. Huota vipele au hushindwa kupumua vizuri. Mtu wa namna hiyo anajua kukataa dawa hospitalini, lakini hawezi kulikataa yai asilojua lina nini.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, bakteria huzoea dawa. Kila mara dawa inapotumika ovyo, wale dhaifu hufa na wale wagumu hubaki wakazaana. Bakteria hao wagumu hutoka kwa kuku wakaingia kwa binadamu kupitia kinyesi, maji, mikono na nyama. Kisha siku moja mtoto anapelekwa hospitali na kuhara kukali au kidonda kibaya, anapewa dawa ambayo zamani ilifanya kazi, na haifanyi kitu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki kwa sababu ya bakteria waliokuwa wagumu kwa dawa. Kenya iliona uzito wa jambo hili ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kupambana nalo mwaka 2017, na mpango huo uliwaunganisha watu wa afya ya binadamu na watu wa mifugo.

Kwa hiyo ukiwa ndani ya siku za kungoja, mayai yale yasiuzwe. Yasipewe watoto wako pia, wala wafanyakazi, wala kanisa kama sadaka, wala shule kama msaada. Yavunje uyafukie. Inauma, najua.

Lakini kuna njia za kupunguza maumivu hayo. Usinunue antibiotiki kabla daktari wa mifugo hajakuambia ni ugonjwa gani. Kuku wengi hupewa antibiotiki kwa magonjwa ya virusi ambayo dawa hiyo haiyagusi kamwe. Mweleze daktari kwamba kuku wako wanataga, akuchagulie dawa yenye siku chache za kungoja, kama ipo. Maliza dozi aliyokuandikia. Andika katika daftari tarehe uliyoanza dawa, tarehe uliyomaliza, na tarehe utakayorudi sokoni. Weka akiba kidogo kutoka kila trei, mahsusi kwa siku za kungoja. Na zaidi ya yote, punguza haja ya dawa: maji safi kila siku, matandiko makavu, hewa ya kutosha, na nafasi.

NAFASI NA HEWA

Nafasi nayo ni swali la dhamiri. Kipimo kinachofundishwa sana ni futi mbili mraba kwa kila kuku wa kutaga anayefugwa sakafuni. Mtu mwenye chumba cha futi 10 kwa 10 anapaswa kuweka kuku 50. Jirani anamwambia, "Hata 100 wataingia." Ni kweli wataingia. Kisha wataanza kudonoana hadi kutoana damu, matandiko yatalowa, hewa itachoma macho, na kukohoa kutaanza. Ndipo pakiti za dawa zinaponunuliwa. Ukichunguza, mara nyingi ugonjwa unaotibiwa kwa pesa nyingi uliletwa na tamaa ya kuku 50 wa ziada.

Ikiwa unaishi katika ploti mjini, jiulize pia juu ya mwenzako wa chumba cha pili. Harufu, nzi na jogoo wa saa kumi za usiku vinampata yeye bila faida yoyote. Uliza ofisi ya kaunti sheria za mahali ulipo kabla ya kujenga banda.

Na pale kijijini, kuku wasilale katika chumba wanamolala watoto. Naelewa kwamba wengi huwaingiza ndani kwa kuhofia wezi na vicheche. Lakini mtoto anayetambaa hutia kila kitu mdomoni, na kinyesi cha kuku kina viini vya kuharisha. Jenga kibanda kidogo kilichoinuliwa, chenye kufuli, kikiegemea ukuta wa nyumba. Utawasikia wakipiga kelele.

SUNGURA: NANI ATAWALA?

Sungura ni mnyama mtulivu, hali sana, na nyama yake haina mafuta mengi. Wizara ya mifugo imekuwa na kituo cha kuzalisha sungura kule Ngong ili wakulima wapate mbegu nzuri. Lakini sifa ile ile inayompendeza mfugaji, kuzaa upesi, ndiyo inayomtia taabani.

Jike hubeba mimba kwa siku 28 hadi 32, na anaweza kupandwa tena mara tu anapozaa. Mwenye pupa ataona hapo pesa za haraka. Lakini jike anayebeba mimba huku ananyonyesha, mfululizo, hudhoofika, watoto huzaliwa wadogo, na wengi hufa. Mwache anyonyeshe, achishe watoto wakiwa na wiki tano au sita hivi, apumzike, ndipo umpeleke kwa dume. Uzao wa mara nne au tano kwa mwaka unatosha.

Sasa piga hesabu. Majike watatu, wakizaa mara tano, watoto sita kila uzao, ni sungura 90 kwa mwaka mmoja. Nani atawala? Usimjibu mtu mwingine, jijibu mwenyewe kabla ya kumpeleka jike kwa dume. Kuku wa kienyeji hupandana wapendapo. Sungura wa kizimbani hapandwi mpaka wewe umbebe umpeleke. Kila mtoto anayezaliwa hapo alizaliwa kwa uamuzi wako.

Historia imetufundisha. Mnamo mwaka 2013 na mapema 2014 Kenya iliingiwa na homa ya kware. Watu waliambiwa mayai ya kware yanaponya sukari, presha na pumu. Bei ikapanda sana, watu wakakopa wakanunua ndege, wakapanga foleni kutafuta leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mwaka 2014 soko likaanguka, na wengi wakabaki na ndege wasiotakiwa na madeni yanayotakiwa. Yai la kware ni chakula kizuri kama yai la kuku. Si dawa ya kisukari. Aliyeuza kwa kusema ni dawa alimdhuru mnunuzi mara mbili: alichukua pesa zake, na pengine alimfanya aache vidonge vyake.

Kwa hiyo anza na majike wawili, upate kwanza watu wanaokula kweli, si watu wanaoahidi kununua. Watenge madume na majike wafikapo miezi mitatu. Usimpandishe dume kwa binti zake wala ndugu kwa ndugu. Damu ikirudiana mara nyingi, wanyama hudhoofika, na wengine huzaliwa na kasoro. Badilishaneni madume na mfugaji wa mbali kidogo, na vivyo hivyo jogoo wa kienyeji asikae zaidi ya mwaka mmoja au miwili na kundi lile lile. Ila mnyama mgeni akae peke yake wiki mbili kwanza, asije akaingiza ugonjwa.

SIKU YA KUCHINJA NA NJIA YA SOKONI

Mnyama wa kuliwa atachinjwa, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni mateso yasiyo na sababu. Mpe maji mpaka dakika ya mwisho. Mchukue kwa upole. Sungura asiinuliwe kwa masikio, bali ashikwe ngozi ya nyuma ya shingo huku mkono mwingine ukimbeba matako. Kisu kiwe kikali, kazi iwe ya haraka, na afanye mtu aliyefundishwa. Wanyama wengine wasione, wala watoto wasifanyiwe mchezo. Dini zetu zimelisema hili. Uislamu unafundisha kisu kinolewe vizuri na mnyama asiteswe, na kitabu cha Mithali katika Biblia kinamhesabu mtu anayejali mnyama wake miongoni mwa wenye haki.

Njiani nako kuna mambo. Umewaona kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye bodaboda toka asubuhi hadi mchana. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu. Tumia tenga lenye matundu, na usiwajaze kupita kiasi. Gharama yake ni ndogo, na kuku anafika mzima, hakufia njiani.

Na mtoto wako aliyempa sungura jina? Mwambie tangu siku ya kwanza ni yupi wa kufugwa na ni yupi wa kuliwa. Usimdanganye kwamba "ametoroka" huku nyama iko mezani. Atajua, na siku nyingine hatakuamini. Akikataa kula, usimlazimishe.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kuku mgonjwa hauzwi, na aliyekutwa amekufa haliwi.

Kuku wakifa kwa wingi, fungia walio hai, mwambie jirani, mwite afisa wa mifugo.

Changieni chupa ya chanjo, mchanje kila baada ya miezi mitatu.

Soma siku za kungoja kwenye pakiti ya dawa, na mayai ya siku hizo yafukie.

Usimpeleke jike kwa dume kabla hujajua watoto watakwenda wapi.

Mpe mnyama nafasi, maji, na mwisho wa haraka.

KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

Mkishasikiliza au kusoma mazungumzo haya, jadilini maswali yafuatayo.

Moja: Je, katika kijiji chetu mfugaji aliyepatwa na kideri huwaambia wenzake? Kama hasemi, anaogopa nini, na sisi tunaweza kufanya nini ili asiogope?

Mbili: Ni nyumba ngapi zinazoweza kuchangia chupa moja ya chanjo mwezi ujao, na nani ataileta?

Tatu: Mfugaji akifukia trei 35 za mayai kwa ajili ya afya yetu, je, sisi wanunuzi tuko tayari kumrudia yeye badala ya kukimbilia bei ya chini?

Swali hilo la tatu nakuachia wewe unayenunua. Ukienda sokoni, mwulize mwenye mayai, "Kuku hawa walipewa dawa lini?" Akikujibu kwa daftari lake mkononi, huyo ndiye wa kununua kwake.